Mama, Taa Ile Nyekundu Inasema Nini?

Gari likishika breki ghafla, mama aliyeketi karibu na mtoto hufanya nini? Hana muda wa kufikiri. Mkono wake hutoka wenyewe na kumzuia mtoto kifuani. Kila mama aliyewahi kusafiri na mwanawe anaujua mkono huo. Nasi tuliunyosha siku moja tukiwa njiani kwenda Nungwi, na haukutosha.

Tulikuwa wanawake sita, wauguzi na wenzetu wa kikundi cha akina mama cha kanisani, tukitoka mjini Unguja kwenda kuzungumza na akina mama wa Nungwi juu ya lishe ya watoto. Kutoka mjini hadi Nungwi ni karibu kilomita 60, na kwa kuwa mwenzetu mmoja alikuwa na mtoto wa miaka mitatu, hatukutaka kubanana kwenye daladala namba 116. Tukakodi gari aina ya Noah. Mwenye mtoto tukampa heshima ya kiti cha mbele ili apate hewa, naye akampakata mwanawe.

Kwenye dashibodi ilikuwa inawaka taa nyekundu, yenye picha ya mtu aliyeketi na duara mbele yake. Mmoja wetu aliuliza ni ya nini. Dereva, kijana mwenye adabu, akatabasamu. "Mama, msiwe na wasiwasi. Taa hiyo haina neno. Ipo hivyo tangu gari liliponunuliwa." Tukaridhika, tukaendelea na mazungumzo yetu.

Tulipopita Kinyasini, ng'ombe alikatiza barabara. Dereva akakanyaga breki kwa nguvu. Mama akamkumbatia mwanawe, na aliyekaa nyuma yao akanyosha mkono. Hata hivyo mtoto alichomoka, akapiga mdomo kwenye dashibodi. Tunashukuru hakuumia zaidi ya pale. Alishonwa nyuzi tatu na meno mawili yalilegea. Lakini kilio chake kilitufuata hadi majumbani.

Wiki ile dereva alilipeleka gari kwa fundi umeme wa magari, nasi wawili tukaenda naye, maana tulijiona tuna sehemu yetu katika kosa lile. Fundi alifungua kifuniko kilicho mbele ya kiti cha abiria. Akatuita tuangalie. Mfuko wa hewa haukuwamo! Gari lile liliwahi kupata ajali kabla halijauzwa, mfuko ukafumuka, na mtu fulani akabandika kifuniko kingine juu ya tundu tupu. Taa ile, ambayo sote tuliambiwa haina neno, ilikuwa ikisema kweli tangu siku ya kwanza.

Sensa ni nini?

Mafundi wetu hutumia neno "sensa", lakini si ile ya kuhesabu watu. Hii ni kifaa kidogo kinachohisi jambo na kutoa habari, kama vile ngozi inavyohisi moto na kuuarifu ubongo. Gari la siku hizi lina sensa nyingi. Ziko za kuhisi mwendo wa kila gurudumu, za kujua kama kiti kina mtu, na za kutambua kwamba gari limegonga kitu. Zote hupeleka habari kwenye kompyuta ya gari, na kompyuta ndiyo inayotoa amri.

Sensa ya mgongano hufanyaje kazi? Fikiria daladala linapofunga breki: abiria wote huinama mbele. Gari limepunguza mwendo, lakini miili yao bado inataka kwenda. Sensa za zamani zilitumia jambo hilo hilo. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Allen Breed alitengeneza kifaa chenye gololi ndani ya kijibomba, ikishikwa na sumaku. Gari likigonga kwa nguvu, gololi hujinasua kutoka kwenye sumaku, hukimbia mbele na kuunganisha umeme. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kipande kidogo kuliko ukucha, chenye sehemu nyembamba mno zinazoyumba gari linapositishwa ghafla.

Tangu gari ligonge hadi mfuko ujae hewa, hupita muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hakuna mkono wa mama unaoweza kuwahi hivyo.

Wazazi wawili wa mwaka 1952

Huenda utashangaa kusikia kwamba wazo la mfuko wa hewa lilitokana na mkono wa wazazi. Mwaka 1952, Mmarekani John Hetrick alikuwa akiendesha gari, mkewe na binti yao mdogo wakiwa naye kiti cha mbele. Alikwepa kizuizi barabarani na gari likaingia mtaroni. Wakati ule ule yeye na mkewe walinyosha mikono kumzuia binti yao asijigonge. Usiku ule hakuacha kuwaza: je, hakuna kitu kinachoweza kutoka kwenye dashibodi na kufanya kazi ya mikono ile? Akachora michoro, na mwaka 1953 akapata hati ya uvumbuzi wake.

Ilichukua miaka mingi wazo hilo kukamilika, kwa sababu hapakuwa na sensa ya haraka ya kutosha. Mifuko ya hewa ilianza kuenea kwenye magari ya kawaida katika miaka ya 1980 na 1990.

Mfuko si godoro

Hapa, akina mama wenzetu, tunaomba msome kwa makini. Watu wengi hudhani kwamba gari likiwa na mfuko wa hewa, mtoto anaweza kupakatwa mbele bila hofu. Ni kinyume kabisa! Mfuko hufumuka kwa nguvu kubwa. Umepimwa kwa ajili ya mtu mzima aliyefunga mkanda na kukaa mbali kidogo. Mtoto aliyepakatwa huwa ndiye wa kwanza kupigwa nao, tena kichwani na shingoni.

Siku ile ya Kinyasini mfuko usingefumuka hata kama ungekuwepo, kwa sababu breki peke yake haiufungui, husubiri mgongano. Lakini kama tungemgonga yule ng'ombe kwa nguvu, na mfuko ukawa mzima, mtoto yule angeweza kupoteza maisha mikononi mwa mama yake. Kosa letu kwa hiyo lilikuwa mara mbili: tulidharau taa, na tulimweka mtoto mahali pasipomfaa.

Wala tusijidanganye kwamba tutamshika. Gari likigonga likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu ya kilo mia kadhaa. Hata mama anayetwanga mpunga kila siku hana mikono ya kuzuia uzito huo. Na kumfunga mtoto pamoja nawe kwa mkanda mmoja ni hatari vilevile, kwa sababu mwili wako humbana yeye dhidi ya mkanda.

Mkanda ndio msingi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa wakaao mbele hadi kufikia nusu. Shirika hilo linasema pia kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Sisi wauguzi tunaokesha wodini hatuna haja ya kuelezwa maana ya maneno hayo.

Joto na unyevu wa pwani

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa visiwani. Magari mengi ya kwetu yametumika kwanza Japani, ambako usukani uko kulia kama kwetu. Kampuni moja ya Japani, Takata, ilitengeneza mifuko ya hewa iliyowekwa kwenye magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na mengineyo. Baadaye ikagundulika kwamba kemikali inayojaza mfuko huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu. Ajali ikitokea, kemikali hiyo hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, kikopo cha chuma kikapasuka, na vipande vyake vikamrukia mtu usoni na shingoni. Zaidi ya watu 20 wamekufa kwa namna hiyo. Vifaa vipatavyo milioni 100 viliitwa virudishwe duniani kote, na mwaka 2017 kampuni hiyo ikafilisika.

Marekani ilianza na majimbo ya joto na unyevu, kama Florida na Hawaii. Je, Unguja si ya joto na unyevu? Barua za wito hutumwa kwa mwenye gari anayejulikana na kampuni. Gari likishavuka bahari na kuuzwa, barua haimfuati mnunuzi. Kwa hiyo mwulize wakala wa kampuni iliyotengeneza gari lako, au mwombe kijana wako aangalie kwenye tovuti ya kampuni hiyo kwa kutumia namba ya chesisi. Ni kazi ya dakika chache.

Taa zinavyosema

Huhitaji kuwa fundi ili kuzielewa. Ufunguo unapowashwa, taa nyingi huwaka kwa sekunde chache, kisha huzimika. Hapo gari linajipima lenyewe. Angalia hizi:

*Mtu aliyeketi na duara mbele yake, au herufi SRS.* Ni mfuko wa hewa. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu, na huenda mfuko usifumuke siku ya ajali. Ikiwa haiwaki kabisa ufunguo unapowashwa, hilo ni baya zaidi: pengine mtu ameichomoa au kuifunika ili kuficha ubovu.

*Herufi ABS.* Sensa za magurudumu huzuia matairi yasijifunge na kuteleza breki inapokanyagwa kwa nguvu. Taa hii ikiwaka peke yake, breki ya kawaida bado inafanya kazi, lakini gari linaweza kuteleza, hasa mvua za masika zinapolowesha barabara.

*Duara jekundu lenye alama ya mshangao.* Huenda breki ya mkono haijateremshwa, au mafuta ya breki yamepungua. Ikiwa breki ya mkono imeteremshwa na taa bado inawaka, msiendelee na safari.

*Mtu mwenye mkanda mwekundu kifuani.* Kuna aliyekaa bila kufunga mkanda. Wapo wanaochomeka ulimi wa mkanda huku wameupitisha nyuma ya mgongo, ili kelele inyamaze. Tunamdanganya nani?

Magari yaliyo karibu na bahari yana adui mwingine, nao ni chumvi. Gari linaloshushwa ufukweni kupakia samaki lioshwe kwa maji baridi, chini na kwenye magurudumu, maana chumvi hula nyaya na vichwa vya sensa. Na msishangae mkikutana na sensa za aina mpya: tangu Novemba 2021, Japani inataka aina mpya za magari madogo ziwe na breki zinazojikanyaga zenyewe kwa msaada wa kamera au rada. Magari hayo nayo yatafika kwetu yakiwa yametumika. Kamera iliyofunikwa na vumbi haioni, na kioo cha mbele kikibadilishwa, kamera iliyoshikizwa hapo lazima irekebishwe upya.

Mama afanye nini?

Mara nyingi baba ndiye anayechagua gari, lakini mama ndiye anayepanga nani akae wapi. Hiyo ni nafasi kubwa. Kabla ya safari:

1. Watoto wote wa chini ya miaka 13 wakae nyuma, kila mmoja na mkanda wake. Mdogo awe na kiti chake maalumu kikipatikana. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa.

2. Mama mjamzito afunge mkanda. Sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Sehemu ya juu ipite katikati ya matiti. Akiendesha, kifua chake kiwe angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani.

3. Washa ufunguo na uhesabu taa. Taa inayobaki ina habari, iulizwe.

4. Kabla ya kununua gari, lipimwe kwa kompyuta na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Fedha ya kipimo ni ndogo kuliko gharama ya wodini.

5. Kama gari halina mikanda, kama ilivyo kwenye daladala nyingi, mtoto asikae mbele wala karibu na mlango. Na usione haya kumwambia dereva, "Mwanangu, punguza mwendo."

Miezi miwili baadaye tulirudi Nungwi kumaliza mafunzo yetu. Dereva alikuwa yule yule, na gari lile lile. Mfuko mpya ni ghali na alikuwa bado anaweka akiba, kwa hiyo taa nyekundu iliendelea kuwaka. Lakini kabla hatujapanda alitueleza mwenyewe: "Mama zangu, mbele upande wa abiria hakuna mfuko. Atakayekaa hapo afunge mkanda vizuri, na mtoto aende nyuma." Mtoto wetu, kovu dogo likiwa mdomoni, alikaa nyuma amefungwa mkanda kwenye kiti ambacho mmoja wetu alimwazima. Alilalamika kidogo hadi Mahonda, kisha akalala.

Mama yake naye alikaa kando yake. Mara kwa mara, gari lilipopunguza mwendo, tulimwona akinyosha mkono na kuuweka kifuani mwa mwanawe. Hatukumkataza. Mkono wa mama haujaacha kazi. Umepata tu wasaidizi. Na wasaidizi hao wakisema kwa taa kwamba wanaumwa, tuwasikilize.