Wavuvi wa Ziwa Turkana na Adabu ya Maji

Msafiri atokaye Lodwar kuelekea kaskazini-mashariki, akiisha kupita mchanga na mikoma hata Kalokol, huliona ziwa lenye urefu upatao kilomita 250, ambalo maji yake ya magadi huletwa zaidi na mto Omo kutoka Uhabeshi. Waturkana ni wafugaji, na ngamia, ng'ombe na mbuzi ndio mali, mahari na heshima yao. Ndiyo maana tangu kale aliyeshika uvuvi alidhaniwa kuwa fakiri aliyepotelewa na mifugo. Hata hivyo, njaa ilipozidi mwaka 1961, wengi walikimbilia Ghuba ya Ferguson ya ziwa hilo, wakapata riziki yao majini.

Desturi za uvuvi zimejengwa juu ya hadhari. Wazee walivua kwa matenga penye maji haba, na waliotaka kwenda mbali walifunga magogo ya mkoma yakawa chelezo. Kwani upepo wa kusini-mashariki, ubanwao kati ya nyanda za juu za Uhabeshi na za Kenya, aghalabu huvuma kwa nguvu usiku hata asubuhi, kisha hulegea alasiri. Nao huyasukuma maji ya juu kuelekea magharibi, hata chombo kisicho na nguvu kikachukuliwa na mkondo hadi kwenye majabali. Hatari za ziwa hili zilionekana mwaka 1934, ambapo wataalamu wawili wa msafara wa mtafiti Mwingereza Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini ziwani humo, wala hawakurejea.

Mamba nao wana milki yao, hususan Kisiwa cha Kati chenye maziwa matatu ya kreta, ambako huzaliana. Kisiwa hicho pamoja na Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi viliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1997. Mvuvi mwenye busara hujua kwamba yeye ni mgeni wa mamba hao.

Leo sangara na ngege waliokaushwa husafirishwa hata Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu 1992, wakawalisha watu wa mataifa mengi. Basi kazi hii si aibu ya waliokosa mifugo, bali ni elimu kamili. Na yeyote apangaye mambo ya ziwa hili, awe serikali au mfadhili, ni wajibu wake kwanza kuwauliza wazee wanaozijua pepo zake.