Mafuta ya Panya wa Miiba na Kidonda cha Kisukari

Sifa zote njema ni za Allaah. Msomaji wetu wa Pemba ametuandikia kuhusu mama yake, ambaye kwa sasa anaishi Arusha kwa mtoto wake mwengine. Mama ana kisukari, na chini ya wayo ana kidonda ambacho wiki kadhaa sasa hakifungi. Jirani amewaletea habari ya mafuta ya panya wa mwituni, wa nyika za nyuma ya Mlima Meru, ambaye wanasayansi wamegundua kuwa akichunika ngozi humrudia kama ilivyokuwa. Msomaji anauliza: je, ni kweli? Na je, yajuzu mama kupakwa mafuta hayo?

Tumeona tujibu kwa kirefu, kwa sababu nusu ya maneno ya jirani ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayouza chupa.

Panya huyo yupo. Mgongoni ana nywele ngumu kama miiba, na hupenda kuishi kwenye miamba ya nchi kavu. Aina kadhaa za ukoo wake zinapatikana Tanzania na Kenya. Lakini hao waliopata umaarufu hawakutoka Arusha. Ukishika njia ya Namanga, ukauacha Mlima Meru mkono wa kulia, ukavuka mpaka na kuipita Nairobi, ndipo utafika Laikipia, kwenye kituo cha utafiti cha Mpala. Huko ndiko Ashley Seifert kutoka Marekani na wenzake walikowachunguza panya wa aina mbili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012 katika jarida la Nature.

Panya huyo ukimkamata, ngozi hubakia mkononi mwako na mwenyewe akakimbia, mfano wa mjusi anavyoacha mkia. Walipoipima ngozi yake waliikuta dhaifu kiasi cha mara 20 kuliko ya panya wa kawaida wa maabara. Anaweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo na akaishi. Sisi tukikatwa na kisu, mwili huziba upesi kwa kovu, yaani nyuzi zilizobanana, pahali pasipoota tena nywele. Kwake yeye nyuzi hukaa kwa nafasi, na nywele zikaota upya. Wakamtoboa sikio tundu la milimita 4, nalo likajifunga, hata gegedu ya ndani ikarudi.

Siri iko wapi? Sehemu yake imo katika jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya kila seli. Hili lilianza kuonekana kwa bahati huko Philadelphia, katika taasisi ya Wistar. Ellen Heber-Katz na wenzake waliwatoboa masikio panya wa maabara ili wawatambue, na baada ya wiki chache wakakuta kuwa baadhi yao hawana matundu tena. Taarifa yao ilitoka mwaka 1998. Mwaka 2010 wakaeleza kuhusu jeni iitwayo p21. Hii ni kama breki: urithi wa seli ukiharibika, huizuia seli isigawanyike. Panya wa kawaida walioondolewa jeni hiyo, nao matundu yao yakafunga.

Mtu atasema, basi na tuizime kwa wagonjwa. Seli yenye urithi ulioharibika ikiendelea kugawanyika bila breki, huo ni mlango wa saratani. Na jeni moja si yote. Mwaka 2017 watafiti waliziondoa kwa panya wa miiba seli fulani za kinga, zile zinazomeza uchafu na vijidudu kwenye jeraha, na sikio halikufunga tena vizuri. Ni kazi ya seli nyingi zilizo hai, kila moja kwa wakati wake.

Sasa mafuta yanaingia wapi? Hayaingii. Mafuta hayabebi kazi hiyo kutoka kwa panya kwenda kwa mtu. Wangapi wamejichua kwa mafuta ya simba, na hatujamsikia aliyenguruma. Wala watafiti hao hawajatoa dawa ya kidonda cha binadamu inayouzwa dukani. Bado wanatafuta.

Ama hukumu, katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy panya haliwi na mafuta yake ni najisi. Wanavyuoni wa madhehebu hayo wameruhusu kujitibu kwa najisi isiyolevya iwapo hakuna dawa tohara na mjuzi mwaminifu akathibitisha manufaa yake. Hapa sharti zote mbili hazipo. Zaidi ya hayo, mama ataswali vipi na mguu uliopakwa najisi?

Arusha si ngeni na mambo haya. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, watu wakanywe kikombe cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Kisukari kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyotajwa kuwa yangepona, na wapo waliokunywa wakaacha dawa za hospitali. Kwa mwenye kidonda cha mguu kila wiki inayopita ina gharama. Sukari huua hisia za nyayo, kwa hiyo mtu hukanyaga msumari asijue. Hubana mishipa, damu isifike vizuri, na hudhoofisha kinga. Usaha ukifika kwenye mfupa, huenda kinachofuata ni kukatwa mguu.

Basi tumemwambia ndugu yetu: mama apelekwe Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru wiki hii hii, na akihitaji zaidi watampa rufaa KCMC, Moshi. Asiache dawa za sukari. Kidonda kisikandwe kwa maji ya moto, wala kisiwekwe asali, majani au unga wowote kabla daktari hajakiona. Asikanyagie mguu huo zaidi ya dharura. Akikatazwa maji, aoshe viungo vizima, na kwa kilichojeruhiwa atayamamu. Na wengine wa nyumba hiyo wenye kisukari wakaguliwe nyayo kila usiku, hata baina ya vidole. Asiyeweza kuinama, mjukuu amwangalizie.

Na Allaah Anajua zaidi.