Wageni wamejaa, maduka madogo ya Ulaya yanafungwa

Mitaa ya kale ya Lisbon, Barcelona na London haijakosa wageni. Kinachopungua ni yale maduka ya familia na baa ndogo ambazo wengi wao hufunga safari kuzitafuta. Ukiwauliza wanaoziendesha, karibu wote watakuanzia na kodi ya pango.

Lisbon, mpangaji wa zamani alilindwa kwa miongo mingi, mpaka sheria ya mwaka 2012 ilipowafungulia wenye majengo njia ya kudai bei ya soko. Barcelona pigo lilikuwa na tarehe yake: sheria ya mwaka 1994 iliipa mikataba mingi ya zamani miaka 20 ya mpito, iliyokoma tarehe 31 Desemba 2014. Mengi ya maduka yaliyorithiwa kutoka kwa mababu yalifungwa, na sehemu nyingi zikachukuliwa na makampuni yenye matawi kila mji.

Mwenye duka la vifungo, uzi na lesi katika mitaa ya Baixa, Lisbon, ana uchungu ambao haufichi. Baba yake alilipa kilemba kikubwa kulipata duka hilo, akiamini ameinunulia familia riziki ya kudumu. Leo mkataba ni wa muda mfupi, na anayejua duka linaweza kuhamishwa baada ya miaka michache hatoi kilemba cha maana. Wageni wanaingia tangu asubuhi, anasema, wanasifia kabati za mbao, wanapiga picha, wanatoka. Fundi cherehani aliyekuwa akinunua kila wiki amehamia pembezoni, kwa kuwa naye nyumba imemshinda. Linalomuuma zaidi ni kwamba mwenye jengo hutumia wingi wa wageni haohao kama hoja ya kupandisha pango. Ni hesabu ngumu kuikanusha: umati unaongeza thamani ya ukuta kuliko mauzo ya kaunta.

Wakuu wa jiji watakuonyesha mpango wao wa mwaka 2015 wa kuyatambua maduka yenye historia, na sheria ya nchi ya mwaka 2017 iliyoyapa yaliyoandikishwa kinga ya muda dhidi ya mageuzi ya pango. Si haba. Lakini kinga ya muda ina mwisho, na duka lisiloorodheshwa halina lolote. Kibao cha heshima mlangoni hakimlipi mwenye jengo.

Uingereza mzigo ni wa namna nyingine. Mwaka 2000 nchi hiyo ilikuwa na baa zipatazo 60,000. Sasa zimebaki kama 45,000. Wapangaji wengi wamefungwa na mikataba inayowalazimu kununua bia kwa kampuni inayomiliki jengo, mara nyingi kwa bei ya juu kuliko ya soko. Kanuni za mwaka 2016 ziliwapa wapangaji wa makampuni makubwa haki ya kuomba kulipa pango la soko bila sharti hilo, ila kuidai haki yenyewe kunahitaji muda na mawakili.

Maofisa hupenda kutaja ushuru wa bia ya bomba uliopunguzwa Februari 2025. Punguzo hilo ni asilimia 1.7, yaani peni moja kwa pinti. Miezi miwili baadaye nafuu ya kodi ya majengo ya biashara ilishushwa kutoka asilimia 75 hadi 40, na mchango wa mwajiri kwa hifadhi ya jamii ukapanda kutoka asilimia 13.8 hadi 15. Peni moja haiwezi kuziba pengo hilo.

Matumaini yapo, ingawa membamba. Tangu mwaka 2005, ilipofunguliwa baa ndogo katika lililokuwa bucha kijijini Herne, Kent, mtindo huo wa chumba kimoja na gharama ndogo umeenea. Sheria ya mwaka 2011 nayo inawapa wanakijiji muda wa kuchanga wainunue baa yao inapouzwa. Amsterdam ilipiga marufuku maduka mapya ya watalii katikati ya mji mwaka 2017. Huenda hatua hiyo ikazuia mabaya zaidi, lakini haimrudishii mpangaji duka alilokwisha kulipoteza.

Bila udhibiti wa pango lenyewe, mengi ya maduka haya yatategemea huruma ya mwenye jengo. Msomaji utakayepita Baixa, nunua hata kibiringo cha uzi kabla ya kutoa simu ya kupigia picha.