Muziki wa Mazoezi: Chagua Mapigo, Linda Masikio

Muziki unaoendana na mwendo ni msaada wa kweli kwa mwenye kufanya mazoezi. Katika mazoezi mepesi na ya wastani humfanya mtu aione kazi kuwa nyepesi, naye huweza kuendelea kwa muda mrefu zaidi. Mazoezi yanapokuwa makali sana faida hiyo hupungua, kwa kuwa uchovu wa mwili huyateka mawazo yote. Hapa tunaeleza namna ya kuchagua muziki unaofaa bila kupoteza fedha wala kudhuru masikio.

Kasi ya mapigo

Kigezo cha kwanza ni kasi ya mapigo, wala si umaarufu wa wimbo. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4: ukipata 30, wimbo una mapigo 120 kwa dakika. Kwa mazoezi ya wastani na kuendelea, mapigo 120 hadi 140 huwafaa watu wengi. Kwa kupasha mwili moto na kuupoza, chagua nyimbo za taratibu zaidi.

Singeli, ambayo mara nyingi huvuka mapigo 200, isifuatwe pigo kwa pigo; piga hatua moja kwa kila mapigo mawili. Nyimbo nyingi za rumba ya Kongo huanza polepole, kisha huchangamka magitaa yaingiapo kwenye sebene. Wimbo mmoja mrefu wa namna hiyo waweza kukutoa kwenye matembezi hadi kwenye mbio.

Kiwango cha sauti

Kelele za ukumbi wa mazoezi hutushawishi kuongeza sauti. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 hadi saa 40 kwa wiki bila madhara. Ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4. Ikifika 100, ni dakika 20 tu. Chembe za usikivu zilizo ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena. Kwa hiyo sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu yako. Masikio yakivuma baada ya mazoezi, elewa kwamba sauti ilikuwa kubwa mno.

Barabarani, anayekimbia aache sikio moja wazi apate kusikia honi ya pikipiki au breki za gari. Mwendesha baiskeli ni heri asivae spika za masikioni kabisa.

Kabla ya kulipa

Huduma nyingi za muziki hutoa kipindi cha majaribio bila malipo, kisha huanza kukata fedha kila mwezi. Soma masharti, na usitishe mapema usipoihitaji. Pakua nyimbo unapokuwa kwenye Wi-Fi ili kuokoa kifurushi chako.

Unaponunua spika za masikioni, tazama kama zina alama ya IPX4. Alama hiyo humaanisha kuwa kifaa kinastahimili maji yanayorukia kutoka kila upande. Si ruhusa ya kukizamisha. Dai risiti na hati ya dhamana, uzihifadhi mpaka muda wa dhamana uishe. Bila hivyo, kudai haki yako kifaa kikiharibika huwa vigumu.