Kope Zilizogeuka Ndani: Tajeni Wote

Ndugu mkulima wa Mpanda, trakoma, yaani vikope, ikimrudia mtu tangu utotoni, huweza kugeuza kope zikaingia ndani. Hapo hukwaruza jicho kila anapopepesa, na mwisho wake ni upofu. Upasuaji mdogo huzuia hatari hiyo.

Shirika la Afya Duniani linataka wagonjwa hao wasiojulikana na huduma za afya wawe chini ya 2 katika kila watu 1,000 wenye miaka 15 na zaidi. Basi mhudumu akibisha hodi, mtajieni hata mzee aliyehamia kibandani shambani. Aliyekwisha kupasuliwa naye aseme; akiandikwa mgonjwa mpya, hesabu inaharibika. Lakini asiyeandikwa kabisa, nani atamfuata?