Kunyonyesha na mifupa ya mama: kinachopotea kinarudi

Mawazo moja inasikika sana mitaani: mama aliyezaa mara saba na kunyonyesha wote, atazeeka mifupa imekwisha. Wengine wanaachisha mtoto ziwa mbele ya mwaka ju mgongo umeanza kuuma. Kuna ukweli ndani yake, ila ni nusu.

Mifupa ya mtoto inajengwa na kalsiumu, na yote inatoka kwa mama. Akizaliwa, mtoto amekwisha kukusanya karibu gramu 30, nyingi katika miezi 3 ya mwisho ya mimba. Wakati huo matumbo ya mama yanavuta kalsiumu kwenye chakula karibu mara mbili ya kawaida. Kwenye kunyonyesha ni tofauti: mwili unachota ndani ya mifupa, hata mama akila vizuri. Kwa miezi 6 anaweza kupoteza 3 hadi 5 kwa mia ya mifupa yake.

Wengi wanasimamisha hesabu hapo. Lakini mtoto akiacha ziwa na mama akirudia kwenda mwezini, mifupa inajijenga tena, mara nyingi ndani ya miezi 6 mpaka 12. Ndiyo maana uchunguzi mwingi haukuona kwamba waliozaa na kunyonyesha sana wanavunjika zaidi uzeeni. Kwa hiyo miaka 2 ya ziwa ambayo Shirika la Afya Duniani linaomba haiharibu mifupa.

Na mgongo je? Mama mwenye mtoto mgongoni, bidoni ya lita 20 mkononi, kisha shamba, ana sababu nyingine za kuumwa. Ila maumivu makali ya ghafla mwisho wa mimba au miezi ya kwanza baada ya kuzaa, aende hospitali. Mara chache sana, mfupa wa uti wa mgongo unaweza kuvunjika wakati huo.

Wa kuangalia zaidi ni msichana anayezaa na miaka 15 au 16, mifupa yake ikiwa bado inajengwa. Na mama ambaye damu ya mwezi imekatika: homoni ya estrojeni iliyolinda mifupa inapungua, na anaweza kupoteza hata 20 kwa mia ndani ya miaka 5 hadi 7.

Tukija kwenye sahani, sambaza na ndagala zinaliwa nzima, na kalsiumu nyingi iko ndani ya ile mifupa midogo. Samaki kubwa tunatupa mifupa yake. Mashanza pia inasaidia. Sambaza ikipanda bei, ndagala kavu zilizosagwa, vijiko viwili ndani ya sombe, si kitu cha kuzarau.