USALAMA: Maji ya chini ya baraji

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama wa nyumba, siku ya mapumziko watoto wenu wanakwenda wapi? Wengi wanakwenda mutoni. Basi, someni habari hii pamoja nao.

Kule Columbus, katika Georgia, inchi ya Marekani, muto Chattahoochee ulikuwa umezuiwa na baraji mbili za viwanda vya zamani. Zilibomolewa katika mwaka 2012 na 2013, na mafundi wakatengeneza pale wimbi la kuchezea kayaki, ni kusema mutumbwi mudogo wa mutu mumoja. Katika mwaka 2023 mashindano ya dunia yalifanyika kwenye wimbi hilo.

Linafanya kazi namna gani? Maji yanateremka kwa haraka, yanagonga maji mengi yanayokwenda polepole, yanainuka. Uzito wa kayaki unaivuta kwenye muteremuko, na maji yanaisukuma nyuma. Hivi inabaki pahali pamoja, na muchezaji anageuka na kuruka.

Lakini wenye kujua muchezo huu wanavaa kaske na jile ya kuelea, na hawaendi peke yao.

Chini ya ukuta wa baraji nguvu ile ile inaua. Maji ya juu yanarudi kuelekea ukuta, yanarudisha kila kitu: gogo, mutumbwi, mutu. Wimbi la muchezo lilipimwa ili limwachilie mutu. Ukuta unaofunga muto mzima haukupimwa hivyo. Na povu jeupe limejaa hewa. Mutu haelei vizuri ndani yake, hata akiwa mwogeleaji hodari.

Sisi tuna Mwadingusha na Koni kwenye Lufira, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba. Zinatoa umeme. Milango ikifunguliwa, maji yanaongezeka kwa gafula.

Kwa hiyo:

1. Usiogelee wala usivue samaki karibu na baraji, juu wala chini yake.

2. Mutu akinaswa, usiruke ndani. Umutupie kamba ao umunyoshee muti murefu, na uite watu.

3. Maji ya nguvu yakikuchukua, lala kwa mugongo, miguu mbele. Usisimame: muguu utanaswa kati ya mawe.

Baba, wewe huingii kazini bila kaske. Mutoto wako naye asiingie mutoni bila mafundisho. Umufundishe leo.